Pilao ya Mwenye Parseli

Nitasema ukweli tangu mwanzo: sikuingia katika mambo ya wapangaji kwa ajili ya haki. Haki aliizungumza mwalimu, jirani yangu wa ukuta mmoja, na aliizungumza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea watoto sitini darasani. Mimi niliingia kwa sababu nilitaka kumwona mwenye parseli akiaibika mbele ya watu. Nilitaka hivyo tu, na nilitaka sana. Wenzangu wakija kwenye mikutano na madai matatu, mimi nilikuja na la nne, nikalificha.

Parseli yetu, kiwanja cha nyumba za kupanga, iko Kasongo, karibu na soko: nyumba tatu za matofali mabichi zimezunguka uwanja mmoja, vyumba tisa, familia tisa, choo kimoja. Wengi wetu tulitoka upande wa Kabambare tukikimbia bunduki. Mimi na mama tulitoka Wamaza. Mara ya kwanza tulikimbia na kijiji kizima, tukarudi, tukalima. Mara ya pili tulikimbia sisi wawili, kwa miguu, na magoti ya mama yalikuwa yamekwisha kufa. Kuna sehemu nilimbeba mgongoni. Tulipopata chumba hapa, alikaa kwenye kitanda, akapapasa ukuta kwa kiganja, akaniambia, "Hapa njo mwisho yangu. Sitatembea tena."

Nikamjibu, "Hautatembea tena, mama." Ahadi ya namna hiyo mtu anaitoa amechoka, halafu inamshika shingo miaka.

Chumba chenyewe kilikuwa chumba kwa jina. Bati lilikuwa na matundu mengi hata mchana jua liliingia na kutawanyika sakafuni. Mvua ikinyesha nilisogeza kitanda cha mama kutoka pembe hii kwenda ile, na beseni likafuata. Ukuta wa nyuma ulikuwa umetoa tumbo. Choo kilijaa zamani, tukawa tunakwenda kuomba kwa majirani kama watoto. Kila mwisho wa mwezi mwenye parseli alipokuja kuchukua kodi tulimwonyesha, naye alitazama kutoka nje kwa huruma ya kweli kabisa, akasema, "Nitatuma fundi." Fundi huyo sijui alikuwa anatokea nchi gani.

Sharti nimweleze mtu huyu vizuri, asije akaonekana jambazi. Alikuwa mtu wa heshima. Ukoo wao ni wa zamani katika mji, babu zake walikuwa na watumwa na bunduki na kanzu wakati babu zetu wana mikuki. Yeye mwenyewe alikuwa na duka la sabuni, vitenge na betri, na parseli tatu za kupangisha kwenye avenyu, barabara yetu. Alisalimia kila mtu. Alituita "watu wangu". Na sisi, bila mtu kutuambia, tulikuwa tumekuwa watu wake kweli. Mama yake alipofariki tulichota maji siku saba. Akirudi safari wanawake wa parseli tulikwenda kumpa pole ya njia. Kukiwa na kisomo kwake, sisi ndio tuliotwanga mpunga na kuosha masufuria. Tulilipa kodi, na juu ya kodi tukampa mikono yetu, na hakuna aliyeona ni ajabu. Katika nyumba kubwa za mji huu ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, mkubwa ana watu wa kumzunguka, na mpangaji anajikuta ameingia katika nafasi ile kama mguu unavyoingia katika kiatu cha mtu mwingine.

Mimi kazi yangu ilikuwa moto. Ninapika pilao ya arusi, ya sufuria kubwa, watu mia mbili, mia tatu. Mama wa pilao, ndivyo wanavyoniita. Na mtaani kwetu moto wa arusi una sheria yake: aliyeuwasha ndiye mwenye moto. Ndiye anayeamua mchele uingie lini na kifuniko kifunguliwe lini. Mwanamke mwingine hagusi hata ukuni mpaka mwenye moto aseme. Akigusa, watu wanasema ameitia ndoa ile mkosi, na mkosi huo utamfuata kwake.

Siku ya Alhamisi moja, mwanzoni mwa mvua kubwa, mwenye parseli alikuja na mgeni. Mgeni alikuwa mnunuzi wa dhahabu kutoka Salamabila, mtu wa viatu vyeupe, katika tope lile. Hakusalimia. Alianza kupima uwanja kwa hatua, akihesabu kwa sauti, na mwenye parseli nyuma yake. Mama alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha ili jua la asubuhi limpige magoti. Yule mgeni alifika kwake, hakupunguza mwendo, akairuka miguu yake. Mwenye parseli akairuka pia.

Kwetu humruki mtu mzima. Hata mtoto aliyelala unazunguka. Mama alivuta miguu yake taratibu, akaikunja, akatazama chini. Nilikuwa nimeshika mwiko, na ninamshukuru Mungu kwamba haukuwa shoka.

Walipomaliza kuhesabu, mwenye parseli alituita uwanjani. "Watu wangu," akasema, "parseli hii nimeiuza. Kisha arusi ya mutoto yangu, mutakuwa na siku kumi za kutoka. Bwana anataka kujenga." Mwalimu akauliza tutakwenda wapi katika mvua hii. Akajibu kwamba Mungu ni mkubwa. Halafu, kwa pumzi ileile, akanigeukia mimi akitabasamu: "Na weye, mama wa pilao, njo utawasha moto siku ya arusi, kama kawaida. Wakwe wanatoka Nyangwe, usiniaibishe."

Ninakiri nilitaka kucheka. Mtu ameuza chumba anacholala mama yako, na kabla hajafunga mdomo anakukumbusha usizidishe chumvi. Hakuwa ananikejeli. Kwake yalikuwa mambo mawili mbalimbali, yasiyojuana. Kosa lile la kututangazia kabla ya arusi angelikwepa kwa kunyamaza juma moja tu, lakini kunyamaza mbele ya watu wako ni kwa kazi gani?

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Nitawasha."

Mwalimu alifanya mambo kama inavyotakiwa. Aliandika barua, tukatia sahihi na vidole, akaipeleka ofisini. Akaambiwa arudi kesho. Kesho akaambiwa barua haionekani. Aliandika nyingine. Mara hii shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, alimpokea mwenyewe, akamkalisha, akamweleza kwa upole kwamba parseli ni ya mwenyewe, na mwenyewe amealika watu arusini, basi si wakati wa kuleta maneno. Mwalimu alirudi amenyauka. Nadhani siku ile ndipo alipoanza kunielewa.

Tulikutana Ijumaa ya juma lililofuata, mchana, wakati wanaume wengi wamekwenda msikitini. Tulikaa uwanjani na nyungo zetu tukichambua mchele, ule mchele wa arusi hasa, ambao mwenye parseli alikuwa ametuletea magunia tuuchambue. Apitaye angeona watu wanatumikia. Walikuja pia wanawake wa parseli zake mbili nyingine, maana walijua baada yetu zamu ni yao. Mwalimu alikuwa mwanaume peke yake, ameshika ungo vibaya, anamwaga.

Yeye alisema twende kwa mwanasheria. Hakuna aliyemjua mwanasheria. Akasema basi twende kwa sheikh. Sheikh ndiye angefungisha ndoa. Ndipo nikasema, "Tutamungoja ku moto."

Wakaelewa wote pamoja, na kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia tena. Mama mmoja tu, anayeuza maandazi barabarani, hakucheka. "Chakula ya arusi si kitu ya kuchezea," akasema. "Na ule mutoto bibi-arusi iko na kosa gani?"

Hakuwa na kosa. Binti yule nilimsuka nywele tangu tulipofika mjini, angali msichana wa shule. Nilimfikiria pale, nikiwa na punje mkononi, kisha nikaacha kumfikiria. Nilimwona mama anakunja miguu yake, na binti wa watu akanitoka kichwani. Ndivyo ilivyokuwa, na sitajipamba.

Tukapatana. Mwalimu aliandika madai matatu kwenye karatasi ya daftari: hatutoki, awe ameuza au hajauza, mabati yabadilishwe, choo kichimbwe. Nilimwambia asiandike zaidi, mtu mwenye haraka asipewe vya kusoma vingi. Jioni ile na kesho yake wanawake walipita kisimani na sokoni na kwaya ya misheni, wakiomba jambo moja tu kwa kila mwanamke anayepanga: siku hiyo mtu akija kukuita jikoni kwa mwenye parseli, una mgonjwa. Masufuria makubwa manne ya mtaa huo ni ya shirika letu sisi wanawake, kwa hiyo hayo hatukuhitaji kuyaombea.

Jumapili ya arusi mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika. Niliwasha moto nyuma ya nyumba yake jua lilipotoka. Nilikaanga vitunguu, nikatia nyama ya mbuzi, nikatia viungo, na sitasema uongo, sijawahi kupika mchuzi kama ule. Nilitaka harufu ifike mpaka kwenye mikeka ya wageni. Nilitaka wawe na njaa. Wakwe wa Nyangwe walifika kwa pikipiki kumi na kitu, wamejaa tope na kanzu zimefungwa kwenye mifuko, wakaoga, wakavaa, wakakaa. Ndoa ikafungwa. Vigelegele. Maji yakachemka katika masufuria yote manne, mchele umeoshwa, uko katika vikapo, unachuruzika.

Nikakaa chini. Wanawake kumi na wanne wakakaa chini.

Wa kwanza kuja alikuwa dada mkubwa wa mwenye parseli, ndiye msimamizi wa jiko. "Muchele iko wapi?"

"Iko mu vikapo, shangazi."

"Mbona haiko mu sufuria?"

"Inangoja kaka yako."

Alinitazama kama nimevua nguo. Kisha akachukua kikapo, akakiinua kuelekea sufuria, na hapo bibi mmoja wa ukoo wao wenyewe, aliyekuwa amekaa kivulini anamenya vitunguu saumu, akapiga kelele: "Acha! Moto si ya kwako! Unataka ndoa ya mutoto ivunjike?" Shangazi akakiweka kikapo chini. Wakatuma mtu kuita wapishi kutoka avenyu ya pili, na akarudi peke yake, akasema avenyu nzima ina wagonjwa.

Basi akaja mwenyewe. Alikuja na tabasamu la wageni, akaliacha kwenye kona ya nyumba. "Munanifanyia nini?" akauliza kwa sauti ndogo. "Miye baba yenu."

Mwalimu akampa karatasi na kalamu. Aliisoma, akaikunja, akasema tutazungumza kesho. Nikamwambia, "Sawa baba, kesho tutapika." Akamwita shefu wa kartie, ambaye alikuwa amekaa mbele kabisa kama mgeni wa heshima. Shefu akaja, akasikiliza, akanusa mchuzi, akasema maneno ya serikali pekee niliyowahi kuyapenda: "Sinya tu karatasi, mukubwa. Watu wako na njaa."

Labda angekataa bado. Lakini mkwe mkubwa wa Nyangwe, baba wa bwana-arusi, mzee mnene mwenye sauti, alikuwa ameshafika nyuma akitafuta maji ya kunawa, akauliza kuna nini. Mwalimu akamweleza. Mwalimu akieleza jambo hata viziwi wanaelewa: nani kauza, siku kumi, mvua, wazee, watoto. Mkwe akamgeukia mwenye parseli mbele yetu sote. "Unafukuza watu mu mvua, na ni wao wanatupikia?"

Nilikula uso wake wakati ule. Miaka sita ya beseni na "nitatuma fundi", nilikula yote. Aliweka karatasi kwenye goti, akatia sahihi, shefu akatia, mkwe akatia. Mwalimu aliipuliza wino karatasi ile, akaikunja, akaitia kifuani. Wanawake wakaanza kuinuka kuchukua vikapo.

"Bado," nikasema.

Mwalimu akanivuta kitenge. "Dada, inatosha. Tumepata."

Ninyi mmepata, nikasema moyoni. Nikatia mchele kwa mkono wangu, nikafunika, nikaweka makaa juu ya vifuniko, na muda wote huo mwenye parseli alisimama pale kwa sababu sikumwambia aende. Pilao ilipoiva nilifunua sufuria moja tu, nikajaza sahani moja, nyama nzuri juu, nikamkabidhi.

"Hii utamupelekea mama yangu," nikamwambia. "Weye mwenyewe, kwa mikono yako. Na utamuomba musamaha juu ya ile siku ulimuruka. Ukirudi, watu watakula."

Akaenda. Nilitembea nyuma yake nisikose hata kidogo. Alivuka avenyu na kanzu yake nyeupe, sahani mikono miwili, na wageni wakasimama kwenye mikeka kutazama, na motari wakazima pikipiki zao. Nilikuwa nimeipika picha hii siku nyingi. Nilijua mama atafanya nini: atanyamaza. Atageuza uso ukutani, na yeye atabaki amesimama na sahani yake mpaka ipoe, na mlangoni watu wamejaa.

Aliinama kuingia. Sakafu ilikuwa tope kwa mvua ya alfajiri, beseni limejaa hadi mdomoni. Miaka sita na hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Alitazama juu, akatazama beseni, akapiga magoti kwa sababu hapakuwa na kiti.

"Mama," akasema, "nimeleta chakula. Siku ile nilikukosea."

Mama alinyoosha mikono, akapokea sahani, akaiweka kitandani kando yake. Halafu akashika mikono ya mwenye parseli yote miwili na kuanza dua. Alimwombea binti yake apate uzazi mwema. Alimwombea mkwe, duka, macho, miguu ya safarini. Aliomba Mungu aifunike nyumba yake na asiwahi kulala nje yeye na vizazi vyake. Ilikuwa dua ndefu kuliko aliyonipa mimi nilipoolewa. Na yule mtu, magoti kwenye tope, alianza kuitikia "Amina", kwanza kwa aibu, kisha kwa sauti, na mlangoni nyuma yangu watu wakaitikia pia, shefu, mkwe, mama wa maandazi, mwalimu. Mimi peke yangu nilifunga mdomo.

Alitoka analia. Mkwe wa Nyangwe akamkumbatia na tope lake. Nikasikia mtu anasema, tazama unyenyekevu, siku ya arusi ya mwanawe anakumbuka bibi mkimbizi. Kabla ya sala ya alasiri hadithi ilikuwa imekwisha pikwa upya: ni yeye aliyelifikiria, ni yeye aliyeomba sahani. Nilimtoa nje kumvua nguo, akarudi amevikwa.

Niliingia kwa mama nikiwa nimewaka. "Mama, ule mutu unamujua?"

"Namujua," akasema, anakula. "Njo ule aliniruka."

"Na unamuombea?"

"Alileta chakula mu nyumba yangu. Ulitaka nimufanye nini?"

"Nyumba ni ya kwake!"

Alitafuna kwanza, akameza. "Asubui ilikuwa ya kwake," akasema. "Saa hii mugeni aliingia kwangu, nimufukuze?"

Yule wa Salamabila alitafuta parseli nyingine. Mabati yalikuja baada ya majuma matatu, mapya, na choo kilichimbwa kirefu. Tuko humo hadi leo, familia zote tisa, na wapangaji wa mitaa mingine wanakuja kumwuliza mwalimu wafanye nini na wenye nyumba wao. Mama hajatembea tena. Lakini mwenye parseli ameanza tabia ya kuja kumsalimu kila Ijumaa. Anasimama nje, anapiga hodi, anangoja kama mtu yeyote, na mama anamwambia karibu, baba, kaa. Wanazungumza juu ya mjukuu aliyezaliwa Nyangwe. Mimi hutoka na shoka kwenda nyuma, nikapasua kuni, na siku hizo napasua nyingi kuliko tunavyohitaji.